Fundo la Ubavuni

Nikiingia chumba cha watoto wachanga siku hizi, hata kama nimekwenda kusalimia tu, jicho langu linakwenda kwanza kwenye fundo. Silitazami koti lako jeupe, wala cheti mlichopiga nacho picha mbele ya geti. Natazama kitenge ulichomfungia mama, mtoto akiwa kifuani, natafuta fundo liko wapi. Likiwa ubavuni, chini kidogo ya kwapa, mahali ambapo mkono wa mama mwenyewe unafika bila kuomba msaada, nakaa chini na kukubali soda yenu. Likiwa mgongoni, nalifungua na kulifunga upya, na mnaweza kuninunia mpaka kesho. Mimi nimestaafu, hakuna wa kuniandikia barua ya onyo.

Najua ninyi wauguzi wapya mnasema huko nyuma yangu kwamba Mama Sifa anapenda kujisifu. Ni kweli, napenda. Zaidi ya miaka thelathini nilitoka mtaani kwangu Katoyi asubuhi, nikakanyaga yale mawe meusi ya volkano mpaka kazini, na viatu nilivyomaliza vingeweza kufungua duka. Wapo vijana wenye ndevu katika mji huu wa Goma niliowajua wakiwa na uzito usiofika pakiti mbili za sukari. Nikikutana nao njiani nawasimamisha, nawaangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, na wao wanaona haya. Nisipojisifu kwa hilo nitajisifu kwa nini tena? Lakini leo nataka kuwaambia habari za fundo nililolifunga mimi mwenyewe mahali pabaya, kwa sababu shuleni hawatawafundisha hayo, na wale waliokuwepo hawatasema.

Nilipoanza kazi, mzazi alikuwa mgeni kwa mtoto wake. Mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, tulimweka kwenye kuvezi, lile sanduku la kioo lenye joto, na mama yake akasimama nyuma ya dirisha akitazama kwa dakika chache kama mtu anayetazama mkate dukani. Kuvezi tulikuwa nazo tatu. Moja ilikuwa nzima, ya pili ilipasha joto ikipenda, ya tatu tulihifadhia nepi. Umeme ukikatika, na umeme wetu mnaujua, hata ile nzima ilikuwa sanduku tu. Tulijaza chupa maji ya moto, tukazipanga pembeni mwa mtoto, tukamwachia Mungu yaliyobaki.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Veneranda, mkuu wa chumba chetu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini iliyotutia hofu kuliko kelele za daktari yeyote. Mwezi wangu wa kwanza, bibi mmoja alinisihi nimwogeshe mjukuu wake njiti, maana mwilini alikuwa bado na ule utando mweupe wa kuzaliwa na wageni walikuwa njiani. Nikamwogesha. Nilimwogesha vizuri sana, kwa sabuni, kwa bidii ya mtu aliyetoka shule juzi. Alipotoka majini alikuwa baridi, midomo imebadilika rangi, na umeme hakuna. Mama Veneranda hakunigombeza. Alifungua vifungo vya koti lake, akamweka mtoto kifuani mwake, ngozi kwa ngozi, nepi na kofia tu, akafunga koti juu yake, halafu akaketi kuendelea na ripoti yake. Baada ya saa moja mtoto alikuwa ana joto na anatafuta ziwa kifuani mwa mkuu wetu.

Ndipo akaniambia, bila kuinua macho kwenye karatasi: "Unaona, Sifa. Umeme ya mwili haikatikake."

Miaka ilipita ndipo walipokuja watu na picha za mnyama wa mbali anayebeba mtoto tumboni, wakatuambia njia hii inaitwa ya kanguru, na kwamba tangu sasa wazazi waingie ndani, wakae na watoto wao mchana kutwa. Mama mmoja wa Murara aliitazama picha, akauliza kama mnyama huyo ana maziwa mazuri. Wenzangu wengi walilalamika kwamba wazazi wataleta uchafu na maneno mengi. Maneno mengi walileta kweli. Lakini vitanda vitupu vya asubuhi, vile ambavyo hatukupenda kuvitazama tukiingia zamu, vilipungua, na hilo nililiona kwa macho yangu kabla mtu hajanionyesha karatasi yoyote.

Kazi yenyewe ni ya mikono, sikilizeni. Mtoto anawekwa wima katikati ya maziwa ya mama, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeukia upande mmoja, kidevu kimeinuka kidogo ili pumzi ipite. Ukingo wa juu wa kitenge unafika chini ya sikio lake, si juu ya pua. Kofia mtakata kwenye soksi. Soksi ya mtu mzima, iliyofuliwa, unakata kisigino, unafunga juu, imekwisha. Nilikuwa nazo mfuko mzima, na mume wangu kwa miaka mingi alivaa soksi zisizofanana. Joto lake mtapima kwa kipimo, sawa, lakini kabla ya kipimo gusa nyayo kwa mgongo wa mkono wako. Tumbo likiwa na moto na nyayo baridi, mtoto ameanza kupoteza joto, na kipimo kitakuja kukuambia baadaye. Na akisahau kupumua, maana hawa wadogo wanasahau, sugua nyayo zile kwa kidole gumba, kwa nguvu kuliko unavyodhani inafaa. Kwa hiyo nyayo lazima zifikike haraka. Kwa hiyo fundo linakaa ubavuni.

Wazazi watawachosha, msinikatalie. Nilikuwa na mama aliyemtoa mwanawe kifuani na kumhamishia mgongoni, kwa mazoea tu, akaenda bombani kufua nepi. Nilimkimbiza uwanja mzima. Nilikuwa na mchungaji aliyembeba mtoto wake vizuri kuliko wote, ila kila alipofika "Amina" mtoto alishtuka na kutapika maziwa, mpaka nikamwomba aombe kwa kunong'ona kwa sababu Mungu hana matatizo ya masikio. Hao ni wepesi. Aliyenifundisha kwamba sijui kitu ni Bahati.

Bahati alikuwa mfugaji kutoka milima ya Masisi, mrefu, mkimya, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Walikuwa wameshuka mjini na mke wake, Mapendo, mimba ya miezi saba na presha imepanda mpaka anaona giza. Madaktari wakampasua siku hiyohiyo. Mtoto, msichana, alitoka na kilo moja na gramu mia moja na kitu. Mapendo mwenyewe alibaki jengo la pili, kwa wagonjwa mahututi, hajui kama amezaa. Kuvezi nzima ilikuwa na watoto wawili tayari. Kwa hiyo joto la mtoto yule lilipaswa kutoka kwenye mwili wa mtu, na watu waliokuwepo walikuwa wawili tu: Bahati, na mama yake Mapendo, mzee mwembamba mwenye macho makali ambaye wote tulimwita koko, kama tunavyoita bibi zetu hapa.

Niliwaweka katika chumba kidogo cha pembeni chenye vitanda viwili, maana chumba kikubwa kilijaa akina mama walio wazi vifua na mwanaume asingepata mahali. Nilijiona nimepanga vizuri. Nikasimama katikati yao, nikasema kwa ile sauti yangu ya kazi: "Papa, toa shati, ikala hapa. Koko, na wewe ujitayarishe, mutapokezana."

Bahati alinitazama mara moja, akageuka, akatoka nje. Koko alijivuta kitenge mpaka juu ya kichwa, akageukia ukuta, na baada ya dakika moja naye akapita kando yangu, akatoka. Nikabaki na mtoto mikononi.

Jamani, nilimsema yule baba. Nilimtia mtoto ndani ya koti langu kama nilivyofundishwa, nikazunguka chumba kikubwa nikiwahadithia akina mama kwamba huyu ni mwanaume wa ng'ombe, ndama angemjali kuliko binti yake. Walicheka, na mimi nikaongeza. Aliyeninyamazisha ni Papa Daudi, mfagizi wetu, aliyekuwa akisukuma maji kwenye korido kwa mfagio wake.

"Mama Sifa," akasema, "ule papa haina mubaya. Wewe njo ulikosa. Utamwambia mutu atoe shati mbele ya bukwe yake?"

"Na kisha? Ni mama mukwe, si simba."

"Kisha? Mimi bukwe yangu akikuja mu njia, naingia mu mihindi mpaka apite. Miaka yote ile tuko na muke yangu, sijakula mbele yake hata ndizi. Na wewe unataka aone kifua, na yeye aonyeshe yake?"

Mimi nilizaliwa Murara, hapahapa Goma. Kwetu mjini mkwe na mama mkwe wanakula sahani moja na kugombania chumvi. Nilikuwa nimesikia kwamba wazee wa milimani wana heshima hiyo, lakini nilidhani ni mambo ya harusi na sherehe. Sikuwaza kwamba heshima hiyo ingeingia hospitalini pamoja nao na kukaa kati ya vitanda vyangu viwili.

Nilimkuta Bahati ameketi juu ya jiwe karibu na ukuta, jua linampiga. Koti langu lilikuwa limevimba mtoto wake. Alisimama aliponiona, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, mi sikukimbia mutoto," akasema. "Ngombe yangu ikizala mu baridi, ndama naiingiza mu koti yangu mpaka ikauke. Nitashindwa kubeba mutoto yangu? Lakini ule mama akiniona vile, nitapita wapi kwenda kwake tena? Na Mapendo akipona, nitamuambia nini juu ya mama yake?"

Nilimwomba msamaha. Sina tabia hiyo, waulizeni niliofanya nao kazi, lakini nilimwomba. Halafu nikaenda kwa koko, aliyekuwa amejikunja mwisho wa korido, nikamwomba naye. Yeye hakutaka maneno yangu. Alisema tu: "Weka kitu katikati."

Nilikuwa na kitenge kipya chenye maua ya njano, wifi yangu alinipa cha kuvaa harusini. Nikapigilia misumari miwili ukutani, nikafunga mrija wa serumu, ule wa dripu, kama kamba, nikakitundika kati ya vitanda viwili mpaka sakafuni. Upande wa dirisha akakaa Bahati, upande wa mlango koko. Kila mmoja alivua nguo za juu akijua mwenzake hamuoni. Kupokezana mtoto nako kulikuwa na sheria, maana hata mikono yao haikupaswa kugusana. Anayemaliza zamu alisema "hodi", mimi nikaja, nikamtoa mtoto upande huu, nikazunguka pazia, nikamfunga upande ule.

Kuzungumza pia hawakuzungumza. Walipita kwangu. Wametengana hatua mbili, kila mmoja anasikia kila kitu, lakini koko ananiambia, "Ambia ule papa, mutoto amekunywa maziwa yote," na mimi namwambia Bahati, ambaye ameshasikia, naye ananijibu, "Ambia ule mama, aksanti." Nikawa redio yao. Siku ya tatu nilichoka, nikawaambia nina watoto wengine. Ndipo wakagundua kumtumia mtoto mwenyewe. "Wewe mutoto," koko anasema kwa sauti ya kutosha, "uambie papa yako akalale, sauti yake imechoka." Na Bahati naye: "Wewe mutoto, uambie koko yako chai iko mu chupa." Mtoto wa kilo moja na kitu alikuwa anaendesha ukoo mzima.

Na alikuwa anaongezeka. Siku za mwanzo alishuka, kama wote, halafu mzani ukaanza kupanda, gramu kumi, gramu kumi na tano. Kila asubuhi nilitangaza uzito kwa sauti, na pande zote mbili za pazia nilisikia mtu akishusha pumzi. Mapendo alikuwa amefumbua macho kule jengo la pili, hajaweza kukaa. Bahati alikwenda kumwona zamu yake ikiisha, akarudi na kumhadithia mtoto hali ya mama yake, ili koko asikie.

Sasa, fundo. Koko alikuwa na tabia ya kulilegeza lile la ubavuni ili ajikune, halafu mtoto anateleza, kichwa kinainama, nami nakuja kumweka upya. Nilimwambia mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Asubuhi moja nikiwa na haraka zangu nilizungusha kitenge, nikalipeleka fundo mgongoni, nikalikaza mara mbili, nikamwambia: "Leo hautalegeza." Nilijiona mwerevu kweli. Mama Veneranda angeona, angelifungua bila kusema kitu. Lakini hakuona.

Mchana ilianza mvua ya mawe. Mnajua mabati ya lile jengo, mtu hasikii hata mawazo yake. Mwenzangu wa zamu alikuwa amepeleka damu maabara. Wakaniita chumba cha kuzalishia, ng'ambo ya uwanja, mtoto mwingine anatoka kabla ya wakati. Nikakimbia. Yaliyotokea nyuma yangu nilikuja kuyajua kwa vipande, siku nyingi baadaye.

Koko alihisi kifua cha mtoto kimetulia juu ya kifua chake. Akaangalia midomo, akaona rangi niliyomfundisha kuiogopa. Akasugua mgongo wa mtoto juu ya kitenge. Hakuna. Akatafuta nyayo, lakini nyayo zilikuwa ndani, kitenge kimekazwa, na fundo liko mgongoni, mahali ambapo mkono wa mzee haufiki. Alijaribu kulivuta kutoka mbele, likakaza zaidi. Akaita muganga, mara mbili, mara tatu. Mvua ya mawe ikameza.

Basi akaita: "Bahati."

Tangu siku ya harusi hakuwa amelitamka jina hilo. Bahati aliniambia kwamba alidhani anaota. Alikuwa amelala upande wake wa pazia, shati ameshavua kungoja zamu. Alipita katikati ya pazia, msumari mmoja ukang'oka, kitenge changu kikaanguka. Alifika nyuma ya mama mkwe wake aliye wazi mabega, akaingiza vidole kwenye fundo langu la mara mbili, akalifungua, akamtoa mtoto, akazishika nyayo zile na kuzisugua kwa kidole gumba. Kwa nguvu kuliko unavyodhani inafaa. Akasugua, akasugua. Mtoto akavuta pumzi moja kama mtu anayeshtuka usingizini, akanyamaza, akavuta nyingine, halafu akalia.

Mimi niliingia nikichuruzika maji na nikasimama mlangoni. Pazia lilikuwa chini. Bahati alikuwa amesimama kifua wazi, uso kwenye ukuta wa dirisha, mtoto kifuani mwake analia. Koko alikuwa amesimama uso kwenye ukuta wa pili, kitenge kimefunika kichwa chote. Kati yao sakafuni kilikuwa kile kitenge cha njano, na hakuna aliyekitazama.

Nilimwendea mtoto kwanza. Midomo ilikuwa imerudi rangi, moyo unakwenda, nyayo nyekundu kwa kusuguliwa. Nikauliza kilichotokea. Nikaona kitandani kile kitenge cha kumfungia mtoto, na alama ya fundo langu bado imejikunja ndani yake, na hapo nikaelewa. Nilikaa kitandani. Nikasema, "Fundo nililifunga mimi. Nililifunga nyuma. Kosa ni langu."

Sikuwa nalilia kosa peke yake. Niliogopa kinachofuata. Niliwajua sasa watu hawa wawili. Bahati asingeweza kukaa tena katika chumba kimoja na mama yule baada ya kuona alichokiona, na koko naye asingeweza kubaki. Wangeondoka kwa haya, mmoja asubuhi, mwingine jioni, na Mapendo bado hawezi kukaa. Wakiondoka wao, mtoto anaondoka pia, na hiyo ingekuwa kazi ya fundo langu.

Mvua ilipungua. Koko ndiye aliyesema kwanza, bila kugeuka, na hakusema kupitia kwangu wala kupitia kwa mtoto.

"Mi sikuona mutu," akasema. "Niliona mikono tu."

Bahati alimrekebisha mtoto kifuani mwake.

"Na mimi," akasema kwa ukuta wake, "nilisikia tu sauti."

Nikaokota kitenge, nikapigilia msumari kwa kisigino cha kiatu changu, nikatundika pazia. Msumari ulikwenda upande. Kisha koko akasema, "Wewe mutoto, uambie papa yako zamu ni yake, akubebe." Nilimfunga mtoto kwa Bahati, fundo ubavuni, nikalijaribu mara tatu kwa mkono wake mwenyewe kuona kama linafikika. Aliniacha nijaribu. Hakuniambia neno baya, wala siku ile wala baadaye, na nawaambia wazi kwamba angenitukana ingekuwa nafuu.

Siku chache baada ya hapo tulimleta Mapendo kwa kiti cha magurudumu. Tulimweka mtoto kifuani mwake kwa mara ya kwanza, naye akalia, na mtoto akanyamaza, kama kawaida yao. Alipotulia aliangalia pazia la maua ya njano kati ya mume wake na mama yake, akauliza: "Ile ni ya nini?"

"Ya upepo," koko akajibu. Dirisha la chumba kile halifunguki tangu nimelijua.

Waliondoka mtoto akiwa na kilo mbili kasoro kidogo, nyayo zake moto asubuhi na jioni. Hapana, hawakumpa jina langu. Walimwita Neema, kama nusu ya wasichana wa mji huu. Bahati alitangulia getini na mizigo. Koko alisubiri mpaka afike mbali, halafu akatoka na Mapendo, akinishika mkono kwa muda mrefu. Kitenge changu aliniomba, nikampa. Akaniachia chake, cha bluu kilichofifia, na hicho ndicho kilichokaa kwenye mrija wa serumu miaka yote niliyobaki pale. Tulikitumia kwa wakwe, kwa mashemeji, hata kwa padri mmoja aliyekuja kumbeba mtoto wa dada yake. Tangu hapo, kabla ya kusema "toa shati", nilikuwa nauliza kwanza nani yuko chumbani na nani kwa nani. Mkijifunza hilo peke yake kwangu, sikuchakaza viatu bure.

Limebaki jambo moja. Mnajua rejista yetu ya matukio: mtoto akisahau kupumua, unaandika saa, sababu, na mwisho jina la aliyemwamsha. Siku ile, nguo zangu bado mbichi, niliandika: kupumua kulisimama; fundo lilikuwa mgongoni, lilifungwa na muuguzi Sifa. Nilifika sehemu ya jina, nikakaa na kalamu. Ni kurasa nyingi nimejaza katika maisha yangu, na huo ndio ukurasa ninaojivunia kuliko zote, pamoja na kosa langu lililomo. Niliandika: mikono.

Mama Veneranda alikagua rejista jioni, kama kila siku. Akaniita. Alikuwa ameweka kidole kwenye neno lile, miwani imeshuka puani.

"Mikono ya nani, Sifa?"

Nikamwambia nilichelewa kufika, sikuona mtu. Alinitazama, akatazama mlango wa chumba kidogo cha pembeni, halafu akatia sahihi.